Walinzi wa kahawa tunaowaua kwa dawa

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hilo ni kweli, ila wangeweza kuongeza kwamba hata kikulindacho aghalabu ki papo hapo mwilini mwako, nawe hukijui wala hukioni. Leo, msomaji, nataka tuzungumze kuhusu walinzi wa aina hiyo. Makao yao ni majani, matawi na matunda ya kahawa. Walinzi hao ni bakteria.

Huenda ukajiuliza kahawa imeingiaje katika ukurasa wa afya. Kwanza, yule anayebeba bomba la dawa mgongoni na kupita kati ya miti ya kahawa asubuhi ni baba yako, mama yako, mjomba wako, au kijana wa kibarua aliyelipwa kwa siku. Pili, dawa anayoinyunyiza haipotei hewani. Nyingine humrudia usoni, nyingine huingia udongoni, na mvua ikinyesha nyingine huteremka mtoni. Tatu, namna tunavyoitibu kahawa inafanana sana na namna tunavyojitibu sisi wenyewe. Mtu akipata mafua tu, yuko dukani anaulizia viuavijasumu. Mti ukipata doa, tuko dukani tunaulizia dawa kali zaidi ya ile ya mwaka jana.

Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mjini mlilipiwa karo kwa pesa za kahawa. Wengine mnaishi katika mitaa ya Ruiru na Kiambu ambayo jana tu ilikuwa mashamba ya kahawa. Kwa hivyo suala hili si la watu wa mashambani peke yao.

Maoni yangu ni haya: zaidi ya miaka 50 iliyopita, watafiti waliokuwa wakifanya kazi hapa hapa Kenya waligundua kwamba dawa za kuua kuvu huweza pia kuua vijidudu vinavyoilinda kahawa, na hivyo kuuongeza ugonjwa uliokusudiwa kuponywa. Mkulima wa kawaida bado hajafaidika na ujuzi huo. Umefika wakati wa kuutoa makabatini na kumpelekea shambani.

Maadui wawili

Ili tuelewane, hebu kwanza tuwatazame maadui wenyewe. Wako wawili, na wote ni kuvu, yaani jamaa za ule ukungu unaoota kwenye mkate uliokaa siku nyingi.

Wa kwanza huleta ugonjwa wa chulebuni, ambao wakulima wengi wa Kenya huuita CBD. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka wa 1922, na uliripotiwa papa hapa Kenya, upande wa magharibi. Kuvu inayouleta inaitwa Colletotrichum kahawae, na waliolitunga jina hilo mwaka wa 1993 walichukua neno letu la Kiswahili. Hadi leo ugonjwa huu haujatoka nje ya bara la Afrika.

Chulebuni hushambulia tunda likiwa changa na la kijani, hasa kuanzia wiki ya nne hivi baada ya maua hadi ya 14. Huanza kama kidoa cheusi kilichobonyea kidogo. Kidoa hicho hupanuka, tunda huoza na kuanguka, au hukauka na kubaki likining'inia mtini, jeusi na tupu. Mvua ikiwa nyingi na mkulima asipochukua hatua, hasara inaweza kufika asilimia 80 ya mavuno. Fikiria mtu aliyepalilia, akapogoa na kutia mbolea mwaka mzima, halafu apeleke kiwandani debe moja badala ya matano.

Adui wa pili ni kutu ya majani, inayoletwa na kuvu iitwayo Hemileia vastatrix. Ukigeuza jani la mti ulioshikwa utaona unga wa rangi ya machungwa upande wa chini, na ukiupangusa hubaki kidoleni. Majani hupukutika, na mti usio na majani hauna jikoni pa kupikia chakula chake. Mavuno ya mwaka unaofuata huwa madogo, na matawi machanga hufa.

Usidharau kutu. Sri Lanka, iliyokuwa ikiitwa Ceylon, ilikuwa nchi kubwa ya kahawa hadi kutu ilipoonekana huko mwaka wa 1869. Baada ya miaka ipatayo 20 kahawa ilikuwa imeporomoka na wenye mashamba wamegeukia chai. Ndiyo sababu leo ukitaja nchi hiyo watu hukumbuka majani chai. Hivi karibuni, mwaka wa 2012 na 2013, kutu ilivamia mashamba ya Amerika ya Kati na kuwaacha vibarua wengi bila kazi.

Maadui hawa wanapenda kitu kimoja: maji yaliyotulia juu ya jani au tunda. Kijimbegu cha kuvu kikilowa kwa saa kadhaa huchipua na kutafuta njia ya kuingia. Saa hizo chache ndizo za vita, na ndipo bakteria tunaowazungumzia hufanya kazi yao.

Bomba mgongoni

Kwa miaka mingi silaha kubwa ya mkulima imekuwa dawa ya shaba. Wazee wanaikumbuka vizuri, ile ya rangi ya buluu au nyekundu iliyoyapaka majani kama chokaa. Shaba ilipendwa kwa sababu inazuia kutu na pia huyafanya majani yakae mtini kwa muda mrefu. Mti unaonekana umenawiri, na mwenye shamba anaamini dawa imefanya kazi.

Baadaye zikaja dawa nyingine nyingi, na kila moja iliingia kwa sifa. Hebu tutazame zilivyoishia. Katika miaka ya 1970 dawa za jamii ya benomili zilitumiwa dhidi ya CBD nchini, lakini kufikia mwaka wa 1976 ilikuwa imethibitishwa kwamba kuvu yenyewe imezizoea. Dawa nyingine, captafol, ilitumiwa kwa miaka mingi kwenye kahawa ya Kenya. Mwaka wa 1991 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Dawa ya tatu, chlorothalonil, ilinyimwa kibali kipya na Umoja wa Ulaya mwaka wa 2019, mojawapo ya sababu ikiwa hofu ya mabaki yake kuingia katika maji ya ardhini.

Yaani dawa inayouzwa leo kwa sifa zote inaweza kesho kutangazwa kuwa hatari, na aliyeipulizia miaka 15 bila glavu wala barakoa hana wa kumrudishia afya yake.

Shaba nayo ina lake. Ikiingia machoni inachoma, ngozi huwasha, na ikimezwa tumbo huvurugika. Zaidi ya hayo, shaba ni madini, kwa hivyo haiozi. Inayoanguka udongoni inakaa humo na kujilimbikiza mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 1984 watafiti walichapisha taarifa kuhusu shamba moja la kahawa la umri wa miaka 68 ambalo lilikuwa limejilimbikizia shaba kwa sababu ya kunyunyiziwa kizazi baada ya kizazi.

Sisemi kwamba mkulima ametenda kosa. Amefanya alivyoambiwa afanye. Aliambiwa mvua ikikaribia anyunyize, na mvua ikiendelea arudie. Akikosa kunyunyiza atapoteza mavuno, na akinyunyiza pesa za mavuno zinaishia kwenye dawa.

Fumbo la Ruiru

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Katika miaka ya 1960 CBD iliichachamalia kahawa ya Kenya, na wataalamu walishangazwa na jambo moja. Kuna mashamba ambayo miti iliyonyunyiziwa dawa ya shaba mara chache ilikuwa na ugonjwa mwingi kuliko miti ambayo haikuwa imenyunyiziwa dawa kabisa. Ingekuwa ni binadamu tungesema mgonjwa aliyemeza nusu ya dawa amezidiwa, na ambaye hakumeza chochote ana nafuu.

Mwaka wa 1969 mtafiti aitwaye Furtado alichapisha matokeo ya kazi yake kuhusu jinsi dawa za shaba zinavyobadilisha hali ya kuvu ya CBD kwenye mti. Baadaye suala hili lilichunguzwa kwa kina na D. M. Masaba, aliyeandika tasnifu ya uzamifu mwaka wa 1991 kuhusu vijidudu vinavyoishi juu ya kahawa ya Kenya na uhusiano wao na CBD. Mwaka wa 2006 Masaba na mwenzake Waller waliyachapisha mengi ya mambo hayo katika jarida la kisayansi.

Maelezo yao, kwa lugha nyepesi, ni haya. Ngozi ya mti wa kahawa haiko tupu. Juu yake kuna bakteria, hamira na kuvu zisizo na madhara. Vijidudu hivi vinaishi kwa kula vijichembe vya sukari vinavyovuja kutoka kwenye jani, vumbi na chavua. Baadhi yao ni maadui wa asili wa kuvu ya CBD. Wanaizuia isichipue, au wanaila chakula ilichokuwa ikikitegemea. Ukinyunyiza dawa inayoua kila kitu, unawaua walinzi hawa pamoja na adui. Dawa ikiisha nguvu, au mvua ikiiosha, atakayerudi upesi zaidi ni adui, na atakuta lango liko wazi.

Ndiyo sababu miti iliyozoea dawa kisha ikaachwa ghafla ilionekana kuugua vibaya kuliko ile ambayo haikuwahi kuonja dawa.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, jambo hili si geni. Daktari akikupa viuavijasumu kwa wiki moja, huenda ukaharisha, na baadhi ya kina mama hupata muwasho wa sehemu za siri. Dawa ile imewaua bakteria wabaya waliokuwa kifuani, lakini imewaua pia wema walioko tumboni na kwingineko. Vijidudu vilivyokuwa vikizuiwa na wema hao vikapata nafasi ya kuzaana. Mti wa kahawa unapatwa na jambo hilo hilo, ila hauna mdomo wa kulalamika.

Mlinzi hufanyaje kazi?

Wataalamu wanakadiria kwamba kwenye sentimita moja ya mraba ya jani, eneo lisilozidi ukucha wa kidole, kunaweza kuwa na bakteria kati ya milioni moja na milioni kumi. Hao wanaweza kuwa wengi kuliko wakazi wa Nairobi. Wengi wao hawana faida kubwa wala hasara. Lakini wako wachache wenye vipawa, na hasa wa jamii mbili, Bacillus na Pseudomonas.

Njia yao ya kwanza ni kukalia nafasi. Kijimbegu cha kuvu kinahitaji mahali pa kushika na chakula cha kuanzia maisha. Kikikuta mahali pote pamekaliwa na chakula kimeliwa, kinakufa na njaa.

Njia ya pili ni sumu. Bacillus hutengeneza kemikali zinazotoboa ngozi ya kuvu, kama sabuni inavyokata mafuta.

Njia ya tatu ni kunyang'anya madini. Baadhi ya Pseudomonas hutoa vitu vinavyokamata chuma chote kilichoko pale juu ya jani, na kuvu ikabaki bila.

Njia ya nne, nami naiona ya ajabu zaidi, ni kuuamsha mti wenyewe. Mti ukiwahisi bakteria fulani huanza kujikinga kabla adui hajafika. Hapo unaweza kufikiria chanjo tunayowachanja watoto, ingawa mti hauna damu wala kingamwili kama zetu.

Bacillus ana sifa nyingine inayompendeza mtengenezaji wa dawa. Akibanwa na ukame hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala. Anaweza kufungwa kwenye pakiti, akakaa rafuni, kisha akaamka akikutana na maji. Pseudomonas hana ganda hilo, na ndiyo maana ni vigumu kumhifadhi.

Wengine wamefika wapi?

Haya si mambo ya kufikirika tu. Nchini Brazil, inayoongoza duniani kwa kahawa, watafiti waliripoti mwaka wa 2006 kwamba bakteria waliotolewa ndani ya majani na matawi ya kahawa yenyewe walipunguza kutu katika majaribio. Mwaka wa 2009 wengine wa huko huko waliripoti majaribio ya shambani ambapo bakteria mmoja wa jamii ya Bacillus alipigana na kutu kwa kiwango kilichokaribiana na cha dawa ya shaba. Mwaka huo huo India nayo ilitoa taarifa ya majaribio ya Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens dhidi ya kutu ya kahawa.

Hapa kwetu tusijifanye wageni wa teknolojia hii. Mashamba ya maua yanayouza Ulaya hutumia wadudu wanaokula wadudu wenzao, na vijidudu vinavyopigana na kuvu. Yalianza kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hataki mabaki ya dawa kwenye waridi lake. Basi, ikiwa ua la kuwekwa mezani kwa wiki moja linastahili ulinzi huo, je, mwanamke wa Murang'a au Kirinyaga anayechuma kahawa kwa mikono mitupu hastahili?

Tahadhari kabla ya hatari

Hata hivyo, sitaki msomaji aondoke hapa akidhani nimemletea dawa ya miujiza. Kuna mambo manne ambayo lazima yasemwe.

La kwanza, bakteria si wepesi kama kemikali. Jua kali huwaua, mvua huwaosha, na wakifika wakati ugonjwa umeshatapakaa hawawezi kurudisha tunda lililokwisha kuoza. Kazi yao ni kinga kuliko tiba. Aliyefaulu katika chumba cha majaribio anaweza kushindwa mlimani Nyeri, kwenye baridi na ukungu wa Julai.

La pili, si kila bakteria anayeshinda kuvu anafaa kunyunyiziwa watu wakipita. Mmojawapo wa waliofanya vizuri huko Brazil mwaka wa 2006 ni wa spishi ya Bacillus cereus. Wahudumu wa afya wanamjua huyo. Baadhi ya aina zake ndizo zinazowafanya watu watapike baada ya kula wali uliolala nje usiku kucha. Vilevile katika jamii ya Pseudomonas yumo aeruginosa, anayesumbua wagonjwa wenye vidonda vya moto hospitalini. Kwa hivyo lazima kila bakteria apimwe kwa makini kama dawa nyingine yoyote kabla ya kupewa mkulima. Mtu asikudanganye kwamba kitu kikiwa cha asili basi ni salama. Na tafadhali, usichachushe mambo yako kwenye pipa nyuma ya nyumba na kuyanyunyizia kahawa.

La tatu, bakteria na dawa kali hawakai chungu kimoja. Ukinyunyiza bakteria leo na shaba kesho, umetupa pesa zako. Mkulima atahitaji ratiba mpya, na ratiba inahitaji mtu wa kumfundisha.

La nne, bakteria si mbadala wa mbegu bora. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa Ruiru 11 mwaka wa 1985 na Batian mwaka wa 2010, na aina zote mbili zinastahimili CBD na kutu kuliko aina za zamani. Anayepanda upya leo aanze na hizo. Lakini mashamba mengi bado yana SL28 na SL34, ambazo wanunuzi wa ng'ambo huzisifu kwa ladha na ambazo kwa bahati mbaya hushikwa na magonjwa haraka. Mzee mwenye miti 200 ya SL28 hawezi kuing'oa yote na kusubiri miaka mitatu bila mapato. Huyo ndiye anayemhitaji mlinzi wa majani.

La kufanya

Kuna wanaosema mambo haya hayafai kupoteza muda, kwamba kahawa ya Kenya imeangushwa na bei na uongozi mbaya wa vyama vya ushirika. Hawakosei sana. Msimu wa 1987/88 tulivuna zaidi ya tani 120,000, na miaka ya hivi karibuni tumekuwa tukizunguka tani 50,000. Kuvu peke yake haikufanya hayo. Lakini bei ikiwa nzuri na gharama ya dawa ikaila bei hiyo, mkulima atakuwa bado yuko pale pale. Na ini lake, ngozi yake na macho yake havisubiri mageuzi ya vyama.

Serikali tayari imeanza kuona hatari ya dawa za mashambani. Mwaka wa 2025 ilitangaza kupiga marufuku dawa kadhaa na kuwekea nyingine masharti. Hatua hiyo ni njema. Lakini kumwondolea mtu silaha bila kumpa nyingine ni kumwacha uwanjani mikono mitupu. Naye akiachwa hivyo atanunua kwa magendo ile ile iliyokatazwa, bila lebo na bila maelezo.

Kwa hivyo nina mapendekezo. Kwanza, shirika la utafiti la KALRO lipewe pesa za kutosha kuwakusanya bakteria wa majani kutoka mashamba yetu wenyewe ya kahawa, hasa yale yasiyonyunyiziwa dawa, na kuwajaribu shambani kwa misimu kadhaa, mvua nyingi na mvua chache. Bakteria aliyezoea baridi ya Nyeri huenda akafaa Nyeri kuliko aliyeletwa kutoka Brazil kwenye pakiti.

Pili, bodi ya PCPB inayosajili dawa za mashambani iwe na njia iliyo wazi ya kupima vijidudu hivi, yenye ukali kwenye usalama lakini isiyomchosha mtafiti wa hapa nyumbani kwa gharama na makaratasi. Ikali pia kwa matapeli, kwa maana dawa yoyote ikipata jina haikosi ya bandia.

Tatu, dawa mpya za kuvu zinaposajiliwa kwa kahawa, mtengenezaji aulizwe swali moja la ziada: dawa yako inawafanya nini bakteria wema wa majani? Daktari mzuri huuliza kama dawa itadhuru tumbo kabla ya kuiandika. Mti nao uulizwe hali.

Nne, vyama vya ushirika vitenge shamba dogo la maonyesho karibu na kiwanda, ambapo wanachama wataona kwa macho yao. Mkulima wa kahawa ameahidiwa mengi. Sasa haamini mdomo, anaamini tunda.

Nawe msomaji wa mjini, usikae kando. Ukienda nyumbani mwisho wa mwezi, pamoja na sukari na mkate, mchukulie mzazi glavu na gambuti. Muulize ananyunyiza dawa gani na lebo yake inasema nini. Hakikisha mkebe wa dawa hautumiwi kuchotea maji wala kuhifadhia maziwa. Mwambie aoge na abadili nguo kabla ya kumbeba mjukuu.

Mkumbushe pia yale ambayo hayahitaji pesa nyingi. Mti uliopogolewa vizuri hupitisha upepo na jua, majani hukauka upesi baada ya mvua, na kuvu hukosa yale maji inayoyatamani. Matunda meusi yaliyokauka mtini yaondolewe kabla ya msimu mpya, kwa sababu ndiko ugonjwa unakolala.

Na kama ananyunyiza dawa dhidi ya CBD, afuate ratiba ya afisa wa kilimo hadi mwisho. Anayenyunyiza mara moja au mbili kisha akaacha kwa kukosa pesa ndiye huumia zaidi, kwani amewaua walinzi na adui hajamaliza. Ni afadhali kujua mapema kama utaweza kumaliza safari kabla ya kuianza.

Bakteria tumewazoea kama maadui. Tangu shuleni tumefundishwa kunawa mikono, kuchemsha maji na kufunika chakula, na mafunzo hayo yaendelee. Lakini afya ya kitu chochote kilicho hai, kiwe mtoto au mche wa kahawa, inategemea pia wale wasioonekana wanaokaa naye kwa amani. Watafiti walituonyesha hayo kwenye kahawa yetu wenyewe tangu mwaka wa 1969. Si haki mkulima wa Kenya asubiri mpaka ujuzi huo umrudie kutoka ng'ambo ukiwa ndani ya pakiti yenye bei ya dola.